Moshi wa Barabarani na Haki ya Kupumua



Nimepewa jukwaa hili nizungumzie hewa ya miji yetu, na nitatanguliza dai ninalokusudia kulitetea hadi mwisho. Moshi wa barabarani ni matokeo ya maamuzi. Kuna aliyeamua mafuta ya aina gani yaingie bandarini, gari lenye umri gani lisajiliwe, lipi likaguliwe na lipi liachwe, na barabara igawiwe nani kwanza. Kwa kuwa ni maamuzi, yanabadilishika. Sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kuyabadilisha mara mbili, na mara zote mbili tumefaulu. Nimekuja kuomba mara ya tatu.

Wanaouvuta

Nenda Buguruni, Dar es Salaam, saa moja asubuhi, usimame karibu na makutano ya Barabara ya Mandela na ile ya Uhuru. Malori ya makontena yanatoka bandarini yakiwa na mzigo wa Zambia, wa Kongo, wa Rwanda. Taa zikiwa nyekundu, injini zinaunguruma bila kwenda popote. Zikiwa kijani, dereva wa lori anakanyaga mafuta, bomba linatema wingu jeusi, na wingu hilo linatambaa kwenye kimo cha watu wanaosubiri usafiri.

Yupo askari wa usalama barabarani, anayesimama katikati ya moshi huo zamu nzima. Yupo mama anayechoma chapati pembeni, na mwanawe mgongoni. Yupo konda anayening'inia mlangoni akiita abiria. Yupo kijana wa maji ya chupa, anayepita katikati ya foleni kwa sababu foleni ndilo soko lake. Wapo bodaboda waliojipenyeza hadi nyuma ya bomba la lori. Na wapo wanafunzi wenye sare, wanaogombea nafasi kwenye daladala. Hao ni wafupi kuliko sisi, wanapumua haraka kuliko sisi, na mapafu yao bado yanakua.

Ukiwatazama vizuri, wengi wao hawana gari na pengine hawatakuwa nalo. Katika miji ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, sehemu kubwa ya wananchi huenda kwa miguu au kwa usafiri wa umma. Moshi unatoka kwenye vyombo vya baadhi yetu, na unaingia vifuani mwa wote, ila wanaotembea na wanaofanya kazi kando ya barabara hupata fungu kubwa zaidi. Kwa hiyo naliita jambo hili suala la haki kabla ya kuliita suala la mazingira.

Naye mwenye gari lililofungwa vioo asijione amesalimika. Feni ya gari lake inavuta hewa ya nje, na hewa ya nje kwenye foleni ndiyo iliyotoka kwenye bomba la gari lililo mbele yake.

Kilichomo ndani ya moshi

Wingu jeusi tunaliona, lakini madhara mengi yamo katika vitu visivyoonekana. Kwanza kuna chembechembe ndogo, zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hizo mara ishirini na zaidi. Pua haizizuii na kikohozi hakizitoi. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kabisa hupenya na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana daktari anayezungumzia hewa chafu hataji pumu peke yake. Anataja pia mshtuko wa moyo, kiharusi, na watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo.

Kisha kuna gesi, na hasa nitrojeni dioksidi, ambayo huwasha njia za hewa na kumzidishia mwenye pumu mateso. Mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Mwaka 2021 Shirika hilo lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembe ndogo kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa hesabu za Shirika hilo, hewa chafu ya nje ilichangia vifo vya mapema milioni 4.2 duniani katika mwaka 2019.

Idadi kubwa namna hiyo haina sura ya mtu, na vyeti vya vifo kwa kawaida havitaji hewa. Vinataja moyo, mapafu au kiharusi. Lakini kuna cheti kimoja kilichoitaja. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka tisa aliyeishi Lewisham, kusini-mashariki mwa London, karibu na barabara yenye magari mengi iitwayo South Circular. Alikuwa na pumu kali, na katika miaka yake ya mwisho alilazwa hospitalini takriban mara thelathini. Alifariki Februari 2013. Mama yake, Rosamund, hakukubali suala liishie hapo. Alidai uchunguzi mpya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto yule, na kwamba chanzo chake kikuu kilikuwa magari. Huko Uingereza ilikuwa mara ya kwanza kwa hewa chafu kuandikwa kuwa sababu ya kifo cha mtu.

Nawatajia Ella kwa sababu moja. London ilikuwa na vipimo vya hewa karibu na nyumba yao, na vipimo hivyo ndivyo vilivyompa mama yake ushahidi. Mzazi wa Buguruni au wa Eastleigh, Nairobi, ambaye mwanawe anabanwa na kifua kila wiki angepeleka ushahidi gani?

Mara mbili tulizofaulu

Naomba sasa tukumbuke tulichokwisha kukifanya, maana wapo wanaosema miji yetu haibadiliki.

Tangu miaka ya 1920, kampuni za mafuta duniani zilikuwa zikitia risasi kwenye petroli ili injini isigonge. Risasi ile ilitoka kwenye bomba, ikatua kwenye vumbi la mitaani, na kutoka hapo ikaingia katika damu ya watoto na kudhuru ubongo wao. Mwezi Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006, eneo zima lilikuwa limeacha kuuza petroli yenye risasi. Dunia nzima ilikamilisha kazi hiyo Julai 2021, Algeria ilipomaliza akiba yake ya mwisho.

Mara ya pili ilihusu salfa. Dizeli yenye salfa nyingi hutoa chembe nyingi, na huharibu vichujio vinavyofungwa kwenye magari ya kisasa. Kuanzia Januari 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni. Kiwanda cha Mombasa kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na kile cha Kigamboni kiliacha kabla yake. Kwa kuwa mafuta yote yanaingia yakiwa yamekwisha kusafishwa, maneno machache kwenye masharti ya zabuni za kuagiza mafuta yalitosha kubadilisha kilichomo katika kila tenki, kuanzia Tanga hadi Bujumbura.

Hata uchakachuaji tulipambana nao. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo kuliko dizeli, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli, wakaua injini za watu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya wizi huo ipotee. Watumiaji wa taa na majiko walilipa gharama kubwa kwa hatua hiyo, na hatuna budi kulikumbuka hilo. Lakini tulijifunza kwamba serikali ikiamua kufuata mafuta hadi kwenye pampu, inaweza.

Katika kazi ya risasi na ile ya salfa, hakuna mwananchi aliyeambiwa ajitafutie petroli salama. Maji ya bomba yakichafuka tunakwenda kwenye chanzo na kwenye mabomba, hatuishii kumwambia kila mama achemshe na kuchuja. Hewa inastahili msimamo huohuo. Barakoa haitoshi kuwa sera ya jiji.

Kazi iliyobaki iko kwenye gari lenyewe

Mafuta yamesafishwa, lakini yanaingia katika injini ya namna gani? Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza kwa wenzetu, hasa Japani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Hatua hizi ni nzuri, ila zote zinaishia mlangoni. Gari likishapata namba za usajili, nani anajua linatoa nini miaka kumi baadaye?

Pita kwenye gereji za mtaani utaliona jibu. Gari linainuliwa kwa jeki, fundi anaingia chini na mashine ya kukatia, anakata bomba la moshi katikati, anatoa kile ambacho mafundi wanakiita masega, kisha anachomelea kipande cha bomba tupu mahali pake. Masega yale yana matundu madogo mengi mno, yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, monoksidi ya kaboni hubadilika na kuwa kaboni dioksidi, oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida, na mvuke wa mafuta yasiyoungua humalizika. Madini hayo yana bei, na wanunuzi wa masega wapo. Mwenye gari anapokea fedha kidogo, gari linawaka kama kawaida, na kuanzia siku hiyo kila anayetembea nyuma yake anapokea moshi usiochujwa. Katika mnyororo mzima wa biashara hiyo hakuna anayeulizwa, kwa sababu hakuna anayepima.

Kupima hakuhitaji maajabu. Kwa gari la dizeli, mrija wa kifaa unaingizwa kwenye bomba, dereva anaweka gia huru na kukanyaga mafuta hadi mwisho mara chache, na kifaa kinapitisha mwanga ndani ya moshi na kuonyesha kiasi cha mwanga kilichozuiwa. Ni kazi ya dakika chache. Tumezoea gari kukaguliwa breki, taa na matairi, na dereva anajua asipokuwa sawa atashushwa barabarani. Kipimo cha moshi kiongezwe katika orodha hiyo. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kanuni bila kifaa na mtu wa kukishika hubaki karatasi.

Na tukianza, tuanze na wachache. Utafiti uliofanywa barabarani katika miji mingi umeonyesha jambo lilelile: sehemu ndogo ya magari hutoa sehemu kubwa ya moshi. Kwetu hayo ni malori, mabasi na daladala za dizeli zilizochoka. Mara nyingi dawa yake si kuzitupa. Chujio la hewa limeziba, nozo zimechoka, pampu imefunguliwa kupita kipimo ili gari "livute", au mzigo umezidi. Ndugu madereva, mnajua kuliko mimi kwamba moshi mweusi ni dizeli mliyoilipia ikatoka bila kuungua. Nozo zikirekebishwa, abiria anapata hewa na tajiri mwenye gari anaokoa mafuta.

Basi, miguu na umeme

Hata kila gari likisafishwa, magari yakiendelea kuongezeka tutarudi tulipotoka. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Jiji la namna hiyo haliwezi kumpa kila mtu nafasi ya gari lake barabarani.

Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni, katika njia yasiyogombea na gari jingine. Basi refu la mita 18 hubeba abiria ambao wangejaza daladala nne au tano. Mwaka 2018 jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa kazi hiyo. Lakini njia peke yake haisafirishi mtu. Abiria akisubiri kituoni mpaka akate tamaa, mwenye uwezo atarudi kwenye gari lake na asiye nao atapanda bodaboda. Kwa hiyo anayepigania mabasi ya kutosha na yanayofika kwa wakati anapigania pia mapafu ya mtoto wa Manzese, na watu wa mazingira inafaa waseme hivyo kwa sauti kila bajeti ya usafiri inapojadiliwa.

Mzigo nao utafutiwe njia. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilikusudiwa kupokea makontena kwa reli ili malori yapakie nje ya jiji. Kila kontena linalokwenda Kwala kwa reli linapunguza lori moja kwenye mataa ya Buguruni, Tabata na Ubungo.

Anayetembea kwa miguu hatoi moshi wowote, na bado tunamsukuma kwenye mtaro. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya kutenga walau asilimia 20 ya bajeti yake ya usafiri kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari siku za Jumapili zilizopangwa, na watu hujaa wakitembea na kukimbia. Njia pana ya miguu yenye miti na isiyoegeshwa magari ni chombo cha kusafisha hewa, na bei yake ni ndogo kuliko ya barabara ya juu.

Umeme na gesi vina nafasi yao. Gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na gari linaloitumia hutoa masizi machache mno. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye jotoardhi, maji na upepo. Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Lakini tusisahau kwamba gari la umeme nalo lina matairi yanayolika, linatimua vumbi la barabara, na hukwama kwenye foleni kama jingine. Basi la umeme lililojaa abiria ndilo linalopaswa kutangulia.

Mwenye daladala moja

Najua swali lililomo ukumbini. Mwenye daladala moja kuukuu, inayosomesha watoto wake, atafanyaje? Swali hili ni la haki, na sera isiyolijibu itakataliwa, na itakuwa imestahili kukataliwa. Masharti yatangazwe mapema, yakiwa na tarehe zinazojulikana. Ukaguzi wa kwanza uwe wa kuelekeza, na faini ije baadaye. Vyama vya madereva na ushirika wa wasafirishaji vipewe mikopo nafuu ya kununua mabasi makubwa kwa pamoja, ili mwenye gari moja awe mwanahisa wa kampuni badala ya kufukuzwa barabarani. Vipuri vya nozo na vichujio vipunguziwe kodi. Na gari la serikali lipimwe kabla ya daladala, hadharani, ili kila mtu aone sheria inaanzia wapi.

Nakubali pia kwamba magari hayachafui peke yake. Tunachoma taka nyuma ya nyumba, tunapikia mkaa, viwanda vinafuka. Yote hayo yana zamu yake. Moshi wa magari una sifa moja inayotufanya tuanze nao: unatolewa karibu kabisa na pua za watu, mahali watu walipo wengi zaidi, saa wanapokuwa wengi zaidi.

Tunachoomba

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mambo matatu.

La kwanza, tupime na tutangaze. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wake wa AirQo ulioanza 2015, kimetengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyohimili vumbi na joto letu, na vingine vimefungwa kwenye bodaboda zinazozunguka Kampala. Kila shule iliyo kando ya barabara kuu iwe na kipimo, na matokeo yasomwe redioni pamoja na utabiri wa hali ya hewa.

La pili, kipimo cha moshi kiwe sehemu ya ukaguzi wa kila gari la biashara, kuanzia malori na mabasi, na biashara ya masega yaliyokatwa kwenye magari yanayotembea ipigwe marufuku kwa wauzaji na wanunuzi.

La tatu, katika kila mradi wa barabara ya mjini, fedha za mabasi na za waenda kwa miguu zitengwe kwanza, kabla ya za kupanua njia ya magari binafsi.

Waheshimiwa madiwani, haya mnaweza kuyaanza kwenye kikao chenu kijacho. Wazazi, ulizeni kwenye mkutano wa shule hewa ya uwanja wa watoto wenu inapimwa na nani. Madereva, fungueni vichujio vyenu wiki hii mviangalie. Walioondoa risasi kwenye petroli walikubaliana Dakar katikati ya mwaka 2001, na haikupita miaka mitano ahadi ikawa imetimia kutoka Senegal hadi Msumbiji, katika nchi zenye umaskini kama wetu na zenye matatizo mengine mengi kama yetu. Tujipe miaka mitano hiyohiyo, na tuanze kuihesabu leo.